Mzee wa Kamba, Gatini Musoma

Hakuwa mtu wa kuipita kamba iliyofungwa bila kuigusa. Kamba ya meli, kamba ya mbuzi, kamba yangu ya kuanikia nguo, kwake zote zilikuwa kitu kimoja. Ya chini anavua kandambili anaikanyaga kwa unyayo, ya juu anaiwekea kiganja, halafu anakaa kimya kidogo kama mama anayempima mtoto homa. Kisha anatoa hukumu. "Hii imekaza sana." Au, "Hii imelala." Ile yangu ya nguo aliifungua na kuifunga upya mpaka nikachoka kumkataza. Ukweli ni kwamba tangu aifunge yeye, nguo zangu hazikudondoka tena mavumbini, ila hilo sikumwambia. Angevimba kichwa bure.

Sisi wa gatini tulimwita Mzee wa Kamba. Mimi nilikuwa na banda la chakula hapa bandarini Musoma, pale gati linapoanzia. Chai na chapati asubuhi, ugali na sato mchana, na nimepika pale mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Yeye alikuwa mlinzi wa meli. Si mlinzi wa bunduki. Kulikuwa na meli kubwa ya zamani iliyokufa injini, ikafungwa gatini kusubiri matengenezo. Mabaharia wenzake wakatawanyika, huyu kwa shemeji yake Mwanza, yule kwenye dhahabu Kiabakari. Yeye akaambiwa abaki aiangalie mpaka apewe taarifa. Taarifa haikuja, naye akabaki. Analala humo melini, anafua humo, anaanika humo, na kula anakula kwangu.

Mtu akisikia kulinda meli iliyofungwa anadhani ni kazi ya kusinzia. Na mimi nilidhani hivyo. Nikamuuliza siku moja, mwiko mkononi, kitu kimefungwa mbele na nyuma kinalindwa nini tena. Akanitazama kwa huruma.

"Mama Neema, meli haifungwagi. Inabembelezwa tu."

Akaanza kunionyesha kwa vijiti vya meno juu ya meza yangu. Kuna kamba ya mbele, kuna ya nyuma, kuna zile za katikati zinazoikataza isikimbilie mbele wala isirudi kinyumenyume. "Yenyewe inataka kwenda na maji. Ukiikatalia kabisa, inakata kamba. Ukiiachia kabisa, inachukua mbio, ikifika mwisho inakata vilevile. Inatakiwa iende kidogo, irudi yenyewe." Nikamwambia ugali unapoa na vijiti ni vya wateja.

Lakini ukikaa na mtu miaka, mambo yake yanakuingia hutaki. Nikaanza kuisikia ile meli. Asubuhi upepo unatoka nchi kavu, unaisukuma iachane na gati, kamba zinanyooka na kulia. Mchana upepo unageuka, unatoka ziwani, unaibana gatini, na yale matairi yaliyoning'inizwa ubavuni yanasagika. Nilijua saa ya kusonga ugali imefika kwa kusikia matairi, sikuhitaji saa. Yeye alisema meli tupu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inasimama juu ya maji na ubavu wote unakuwa ukuta wa kupigwa na upepo. Yenye mzigo inazama kidogo, inatulia, kama mtu aliyeshiba.

Halafu kulikuwa na zile siku zake mbaya, ambazo mimi niliziona nzuri. Ziwa limelala, hakuna hata karatasi inayopeperuka, wavuvi wa dagaa wanacheza bao kivulini. Basi ghafla meli inaanza kutembea. Inakwenda mbele polepole, inasimama kama inafikiri, inarudi nyuma polepole. Siku hizo hakula. Alisema upepo umevuma mbali huko, umesukuma maji yakajaa upande mmoja wa ziwa, na sasa yanarudi, yanacheza kutoka ukingo hadi ukingo kama maji kwenye beseni lililobebwa kichwani.

"Wimbi fupi lina kelele tu," anasema. "Linalokataga kamba ni lile refu usiloliona."

Maneno hayo aliyarudia mpaka wateja wangu wakawa wanamalizia wao, wakicheka, chapati mdomoni. Hakuona kichekesho. Alikuwa mpole kwa kamba na mkali kwa watu. Wavuvi waliotoka upande wa Majita walipenda kuja kufunga mitumbwi yao kwenye kamba zake, maana ndio wepesi. Yeye hagombi, hasemi. Anaifungua tu na kuondoka, na mvuvi akimaliza kunywa chai anakuta mtumbwi wake unaelea peke yake katikati ya maji. Walimtukana sana. Yeye alijibu kwamba kamba ya meli siyo mti.

Na bado huyo mtu wa meli hakujua kuogelea. Ziwa alikuwa analiogopa wazi. Alioga kwa ndoo, amesimama mbali na ukingo, na ukimtania kuhusu mamba anakusogezea uso wa hasira. Samaki pia hali. Kwao Buswahili ni watu wa mtama na ng'ombe, samaki walimnukia, basi sato wangu wote wale wanapita mbele yake, yeye anaomba maharage. Nilimwambia Mungu alikosea anwani alipomleta gatini. Akasema labda.

Siku aliyonitia hasara ilikuwa ya Pasaka. Watu walikuwa wanakuja kutoka kanisani na nguo zao mpya kupiga picha mbele ya ile meli, na yeye mwenyewe, mwalimu wa kulegeza, akaingiwa na tamaa ya kupendeza. Akaivuta meli ikaligusa gati, akakaza kamba zote zikanyooka kama zimepigwa rula. Kweli ilipendeza, imetulia kama nyumba. Watu wakapiga picha zao. Mchana yakaja yale maji yake ya polepole, na kwa kuwa meli haikuwa na pa kwenda, kamba ya nyuma ikakatika. Sijui nisemeje ule mlio. Kipande kikaruka juu ya gati, kikang'oa bati la banda langu na kulitupa kule wanakoanikia dagaa. Mimi nilikuwa nimeinama napuliza moto. Ningekuwa nimesimama, haya mngesimuliwa na mtu mwingine.

Hakusema pole. Alisimama akaangalia masufuria yangu yaliyojaa masizi, akasema kwa sauti ndogo, "Nilitaka ionekane nzuri." Kesho yake alikuja na turubai kutoka melini akaniezekea, na alivyolifunga, upepo wa miaka yote iliyofuata haukuling'oa. Pembe moja ilivuja mpaka naondoka. Nilimsamehe kwa sababu ya kuchoka zaidi kuliko upole.

Sasa nije kwa mkewe, maana ndiye aliyenifanya nimkumbuke mzee huyu namna hii, nikiwa nimelala sina usingizi.

Simu ya Mzee wa Kamba ilitumbukia ziwani, na hakutaka nyingine. Mkewe, aliyekuwa Buswahili na shamba na ng'ombe, akapewa namba yangu. Watoto wao walikuwa wameshaondoka, wako mbali na maisha yao. Basi mchana, wateja wakiwa wengi kuliko sahani, simu inaita. "Mdogo wangu, habari za huko. Mwambie paa la jiko limeoza." Mimi nainua sauti kuelekea melini, mzee, paa la jiko limeoza. Yeye anachungulia kutoka juu, kamba mkononi. "Mwambie nakuja." Siku nyingine, mwambie ng'ombe amezaa. Mwambie mihogo imeingia ugonjwa. Mwambie kuna msiba kwa jirani, wanamuuliza. Na jibu ni lilelile, mwambie nakuja. Kwenda alikwenda, mara chache, Krismasi, siku mbili, halafu huyo amerudi anakimbia kuangalia kamba. Niliyabeba maneno yao hayo mpaka ulimi ukaota sugu, na sikuwahi kumwona huyo mama hata kwa picha.

Kisha siku moja akaniambia, "Mdogo wangu, mwambie macho yananisumbua. Mbele naona, lakini pembeni kote kumekuwa giza. Jana nimegonga ndama. Aje anipeleke Bunda kwa daktari wa macho."

Nikamuuliza, dada, huko hakuna hata jirani wa kukushika mkono mkafika Bunda mara moja?

"Nipo na mume," akasema. "Nikishikwa mkono na jirani, si ni kutangaza kwamba sina mtu? Mwambie yeye."

Ujumbe huo sikuupigia kelele. Nilipanda ule ubao wa kuvukia kutoka gatini nikaingia melini, na huo ndio ulikuwa upandaji wangu wa kwanza na wa mwisho. Mwaka ule ndio ziwa lilikuwa linapanda. Mnakumbuka. Lilimeza ngazi za chini, likameza sehemu niliyokuwa naweka majiko, na meli ikawa inapanda nalo wakati nguzo za gati zimebaki palepale, hivyo kamba zikawa zinakaza zenyewe kila kukicha. Yeye alikuwa analegeza asubuhi, analegeza jioni. Alinisikiliza mpaka mwisho, mguu juu ya kamba.

"Nani atalegeza nikienda?" akauliza.

"Mfundishe mtu."

Akaanza kunitajia watu wa gatini mmoja mmoja. Huyu mlevi, yule anasinzia, yule mvuvi, mvuvi anajua mtumbwi tu. Nikakasirika. Nikamwambia, "Mzee, hii meli hata jina lako haijui. Kuna mtu kule anakosa macho." Aliinama akalegeza kidogo, kamba ikalia, akasema mwambie nakuja, mvua zipungue. Nikashuka. Nilikuwa na hasira hata wali niliupika mbichi siku ile.

Nilidhani ni ukaidi. Nilichelewa kujua kwamba ni woga. Alinieleza mwenyewe siku moja akiwa na chai yake, bila kuulizwa. "Nyumbani mimi ni mgeni, Mama Neema. Nikifika nachinjiwa kuku. Kesho yake watu wanakuja kunisalimia. Ikifika siku ya tatu sijui nishike nini."

"Si wanasema siku ya tatu mpe jembe?"

"Jembe silijui," akasema. "Kamba naijua." Akacheka, kicheko cha mtu anayeona aibu. Nilimhurumia siku hiyo kutoka moyoni. Kesho yake hasira zikarudi.

Mkewe akapiga tena. Sauti ilikuwa imetulia, na hilo ndilo lililonitisha. "Mwambie aje ningali naiona sura yake."

Nilimwambia maneno hayo kama yalivyo. Alimaliza chai, akaenda akazunguka kamba zote, akarudi akaniomba nizisikilize, zikianza kulia nimwite mvuvi yeyote mwenye nguvu. Akapanda basi. Nikafurahi, nikasema afadhali. Walikwenda Bunda, daktari akasema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, lakini kuna dawa ya matone ya kulinda kilichobaki, na inatakiwa kila jioni bila kukosa. Kumsikia akinisimulia hayo nikatazama saa ya ukutani, jioni imeshaingia, nikamtazama yeye. Alikuwa amesharudi. Hata vumbi la Buswahili lilikuwa bado miguuni.

"Na hayo matone anamwekea nani?"

"Anajiwekea mwenyewe."

"Asiyeona pembeni?"

"Mkono wake hautetemeki," akasema, na akatoka nje kuangalia kamba ya nyuma.

Hakuna aliyefanya jambo kubwa baya, ukiangalia siku moja moja. Hakumpiga, hakuoa mwingine, hakunywa. Lakini nilikuwa pale, niliona. Mkewe akawa anapiga simu na kunielezea kilichobaki, jinsi mtu anavyosimulia debe la unga linavyopungua. Naona mlango bado. Naona moto bado, sioni sufuria. Mimi nasema pole dada, najifuta jasho, natoa sauti melini, na kutoka juu kule linakuja jibu lilelile. Siku nyingine sikulifikisha kabisa. Nilikata simu nikaendelea kukaanga.

Mwishowe meli iliondoka. Asubuhi tu, bila mtu kutangaza, ikaja boti ya kuvuta kutoka Mwanza na watu wenye karatasi zao, wakasema inapelekwa kule. Wengine walisema kutengenezwa, wengine kukatwa vyuma chakavu. Hatukupata jibu na sikulitafuta. Alizifungua kamba mwenyewe. Ya mwisho ilikaa fundo gumu, wenye boti wakapiga kelele akate, akakataa, akalichezea kwa vidole mpaka likaachia. Meli ikasogea kama ng'ombe anayepelekwa mnadani, haikugeuka. Zile kamba kuukuu walimwachia, hawakuzihitaji.

Akakaa juu ya nguzo ya gati, miguu yake pasipo kitu cha kukanyaga, mpaka nikafunga banda. Nikamuuliza, "Sasa, mzee?"

"Mwambie nakuja."

Nikapiga. Mkewe akasema, "Asiyekuwapo na lake halipo." Akavuta pumzi. "Aje." Nikamuuliza hali ya macho. Akasema mlango nao umekwenda, tangu mwezi uliopita.

Asubuhi alipanda basi na magunia ya kamba, konda akamgombeza kwamba yanajaza njia.

Mimi nami niliacha kupika. Mgongo. Nikakaa nyumbani Nyasho kwa mwanangu, nikawa natazama ukuta, na kwa kukosa kazi nikaanza kumwaza yule mama ambaye sauti yake nilikuwa naijua kuliko ya dada zangu. Mwaka jana baada ya mavuno nikapanda gari hadi Butiama, nikachukua bodaboda hadi Buswahili. Uliza kwa Mzee wa Kamba, nilisema, na kumbe hata kule wanamwita hivyo.

Nilichoona kwanza ni kamba. Zilitoka mlangoni zikaenda jikoni, kutoka jikoni zikaenda chooni, kutoka chooni mpaka kwenye pipa la maji, nyingine hadi zizini, zote kwenye vigingi vya kimo cha kiuno. Zilezile nene za meli, zimepauka. Na mama mmoja mrefu, kitenge kiunoni, anakuja kwa haraka, mkono juu ya kamba, ungo wa mtama kichwani. Macho yake yalikuwa wazi na hayakunitazama. Nikasema hodi.

Akasimama palepale. "Hiyo sauti naijua," akasema. "Wewe ndiye simu."

Tulikumbatiana, tukalia kidogo, tukaacha. Tulikuwa wazee wote wawili, kilio chetu hakina nguvu. Akanikalisha kwenye kigoda, akanionyesha ufalme wake kwa kuushika. Hii ya jikoni, hii ya zizini. Hii ya chooni imelegezwa makusudi, kwa sababu pana mteremko, nikiyumba inaenda na mimi kidogo halafu inanirudisha. "Anazipima asubuhi na jioni," akasema. "Mvua ikinyesha zinakaza, analegeza. Jua likiwaka zinalala, anakaza. Meli sasa ni mimi."

Yeye alikuwa pale pale mbele yetu, amechuchumaa kwenye kigingi cha mlangoni, nyundo mkononi. Amezeeka vibaya. Alinisalimia, akaniuliza kama turubai bado linavuja, akarudi kwenye kazi yake. Nikamwambia mama, dada, angalau mzee ametulia nyumbani. Mtu amepata la kushika.

Mama alikuwa ameshika kamba, dole gumba linapita juu yake, nikaona pale mkono unapopita pameshalainika kwa kushikwa.

"Nzuri," akasema. "Sijaanguka tangu afunge. Kila ninapotaka kwenda nafika. Anaifunga, anaipima, anauliza kama imekaza. Anaulizia kamba, mdogo wangu. Nikinyoosha mkono nakuta kamba tu." Akageuza uso kuelekea sauti yangu, jinsi alivyokuwa akifanya, nadhani, miaka yote ile kwenye simu. "Mwambie anishike mkono."

Mtu mwenyewe hayuko mbali. Amesikia kila neno, nyundo imesimama hewani. Lakini ndivyo tulivyozoea sisi watatu, hatukujua njia nyingine. Nikageuka kwenye kigoda changu.

"Mzee," nikasema, "mama anasema umshike mkono."

Akaiweka nyundo chini. Akafuta viganja kwenye shati, kimoja kisha kingine.

"Mwambie nakuja," akasema, na akaja.